Maswali ya Wasomaji: Kituo cha hali ya hewa juu ya paa la karakana

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni watu tisa tunaojitolea katika karakana ya jamii iliyopo Mwanga, mjini Kigoma. Tangu kiangazi tumekuwa tukiunda kituo kidogo cha kupima hali ya hewa, na mwezi uliopita tulikifunga juu ya paa la mabati la karakana, kwenye mlingoti wa bomba la chuma. Kipima mvua ni cha kikombe kinachopinduka kila kinapojaa, na kila pinduko huhesabiwa; kipima upepo tumekitengeneza kwa mipira ya plastiki iliyokatwa katikati, na vihisi vya joto, unyevu na mgandamizo wa hewa vimeunganishwa na ESP32, bodi ndogo ya kompyuta. Tatizo ni kwamba vipimo vinatutia aibu. Mchana joto hufika nyuzi 39 wakati kituo cha uwanja wa ndege kinasoma 30. Mgandamizo unasomeka hektopaskali 924, ilhali simu zetu zinaonyesha 1012. Mvua ya Jumanne ilisomeka milimita 74, lakini kopo lililokuwa wazi uani kwa jirani lilikuwa na maji ya kina cha milimita 35 tu. Je, tununue vihisi vya bei kubwa zaidi? — Wanakikundi, Mwanga

JIBU: Msinunue kitu kwa sasa. Kati ya makosa matatu mliyoyataja, moja si kosa kabisa, na mawili yaliyobaki yanaelekea kutokana na mahali mlipoweka vifaa na namna mnavyohesabu, wala si ubora wa vihisi.

Nianze na lile ambalo si kosa. Ziwa Tanganyika lenyewe lipo kwenye kimo cha takribani mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Mwanga ipo juu zaidi ya ziwa. Hewa hupungua uzito kadiri mtu anavyopanda, na katika kimo chenu mgandamizo hushuka kwa takribani hektopaskali moja kwa kila mita tisa. Kwa hiyo 924 ndiyo hewa halisi inayokizunguka kihisi chenu, na 1012 ni hesabu iliyokwisha kuteremshwa hadi usawa wa bahari ili Kigoma iweze kulinganishwa na Dar es Salaam au Mtwara. Ingizeni kimo cha karakana kwenye programu yenu, nayo itatoa namba zote mbili. Hifadhini zote, kwa sababu siku mkigundua kwamba kimo mlichokiingiza hakikuwa sahihi, ile namba ghafi ndiyo itakayowaokoa.

Joto ni habari nyingine. Bati lililopigwa na jua la saa saba mchana huwa kama kikaango, na kihisi kilichowekwa hatua chache juu yake hupima kikaango hicho badala ya hewa ya mji. Kanuni ya kimataifa hutaka kipimajoto kiwe kati ya mita 1.25 na mita 2 kutoka ardhini, juu ya majani mafupi, ndani ya kisanduku cheupe chenye kuta za luva zinazopitisha upepo na kuzuia jua. Kisanduku hicho huitwa kwa jina la Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa wa Scotland. Ninyi hamhitaji seremala: nunueni sahani nyeupe za plastiki sokoni, zitoboeni katikati isipokuwa ile ya juu kabisa, zipangeni zikiachana kwa upana wa vidole viwili, kisha mning'inize kihisi ndani ya tundu hilo. Kabla ya hapo fanyeni jaribio moja ambalo halina gharama: linganisheni vipimo vyenu na vya uwanja wa ndege saa 12 asubuhi, kabla ya jua kuchomoza. Vikikaribiana alfajiri na kuachana mchana, mkosaji ni jua. Lakini kama kituo chenu kinazidi nyuzi mbili au tatu usiku na mchana, fungueni boksi mtazame, kwa kuwa inawezekana mmekifungia kihisi chumba kimoja na ESP32, ambayo hutoa joto lake yenyewe muda wote inapofanya kazi.

Mvua ndiyo iliyonishughulisha zaidi, kwa sababu kosa lenu limekwenda upande usiotarajiwa. Juu ya paa upepo hupita kwa kasi na kuyasukuma matone nje ya mdomo wa kipimo, kwa hiyo kipimo cha paani kwa kawaida hupungukiwa. Chenu kimezidisha, tena zaidi ya mara mbili. Hali hiyo hunifanya nishuku mambo mawili. La kwanza ni mlingoti: ukitikiswa na upepo, kikombe hupinduka hata kabla ya kujaa. La pili, ambalo nadhani ndilo lenyewe, ni swichi ya sumaku inayohesabu mapinduko, ambayo hudundadunda inapofunga, na programu isiyokuwa na subira huhesabu pinduko moja kuwa mbili. Iagizeni programu ipuuze mdundo wowote unaofuata kabla ya nusu sekunde kupita. Hamtapoteza mvua yoyote kwa kufanya hivyo, kwani vikombe vinavyojaa kwa mvua ya milimita 0.2 na kupinduka kila baada ya nusu sekunde vingemaanisha milimita 1,440 kwa saa, na mvua ya kunyesha hivyo kwa saa nzima haijaonekana Kigoma wala kwingineko.

Kisha kihakikini kipimo kwa maji. Kama faneli yenu ina kipenyo cha sentimita 20, mililita 314 ni sawa na mvua ya milimita 10, na kikombe cha milimita 0.2 kinapaswa kupinduka mara 50. Pimeni maji hayo kwa bomba la sindano, yatieni kwenye chupa, na myadondoshe polepole kwa mrija wa dripu kwa muda wa saa moja hivi. Msiyamimine kwa mkupuo, kwa sababu maji yanapokuja kwa nguvu, sehemu yake hupotea wakati kikombe kikiwa katikati ya kupinduka. Mkipata mapinduko 46 au 54, rekebisheni skrubu za chini ya kikombe au badilisheni hesabu ndani ya programu. Baada ya hapo mkiteremshe kipimo hadi uani, na kikae mbali na kila kizuizi angalau mara mbili ya urefu wake: mchikichi wa mita 10 unadai nafasi ya mita 20. Najua kwamba nyua za Mwanga si pana hivyo. Jirani mwenye lile kopo huenda anayo nafasi, na kwa jinsi nilivyosoma barua yenu, yeye ndiye aliyewapa kipimo kilichokuwa karibu zaidi na ukweli siku ile ya Jumanne.

Kipima upepo peke yake ndicho chenye haki ya kubaki juu, maana kimo kinachotakiwa ni mita 10 kutoka ardhini mahali pa wazi. Thomas Romney Robinson wa Ireland, aliyeunda kipima upepo cha vikombe mwaka 1846, aliamini kwamba upepo huwa daima mara tatu ya kasi ya vikombe, vyovyote vilivyo vikubwa au vidogo. Baadaye ilithibitika kwamba hakuwa sahihi, kwa kuwa kiasi hicho hubadilika kwa kufuata ukubwa wa vikombe na urefu wa mikono yake. Mipira yenu basi itabidi ipimwe yenyewe: asubuhi tulivu, kifungeni kipimo kwenye fimbo ndefu juu ya kibanda cha pikapu, mwendeshe kwa kasi moja kwenda na kurudi, na mchukue wastani. Kasi isomeni kwenye simu, si kwenye dashibodi.

SWALI: Mwenye jengo ameanza kusema kwamba mlingoti wetu utavuta radi. Tumjibu nini? — Mwanakikundi mmoja, Mwanga

JIBU: Msimcheke. Milima ya mashariki mwa Kongo, ng'ambo ya ziwa, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Mlingoti hauiiti radi kutoka mbali, lakini radi ikishuka karibu huelekea kukipiga kilicho kirefu kuliko vingine. Teremsheni waya mnene wa shaba kutoka mlingotini, upite nje ya ukuta kwa njia iliyonyooka, hadi kwenye fimbo ya ethi iliyozamishwa ardhini, na nyaya za vihisi zisiambatane nao. Kazi hiyo mpeni fundi umeme mwenye leseni. Hata hivyo ethi haitaiokoa bodi yenu ikipigwa moja kwa moja. Na ngurumo ya kwanza ikisikika, asiwepo mtu juu ya paa.

SWALI: Nina daftari la mvua ninaloliandika kila asubuhi. Nimelilinganisha na takwimu za vijana wa karakana, na jumla ya mwezi inakaribiana, lakini siku hazipatani hata kidogo. — Mwalimu mstaafu, Ujiji

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Daftari lako halina kosa. Vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania husoma mvua ya saa 24 zinazoishia saa 3 asubuhi, nawe unafuata desturi hiyohiyo. Kituo cha vijana bila shaka hufunga hesabu saa 6 usiku, na pengine hata saa yake ipo nyuma kwa saa tatu, kama waliiacha ifuate saa ya kimataifa badala ya saa ya Afrika Mashariki. Mvua iliyonyesha saa 8 usiku kwako ni ya siku moja na kwao ni ya siku nyingine. Waombe wafunge hesabu saa 3 asubuhi, nawe uwaazime daftari, kwa sababu miaka yako ya kuandika ni kitu ambacho hawawezi kukinunua.

SWALI: Ninaanika dagaa Kibirizi. Nimeambiwa kile chombo cha Mwanga kitanijulisha mvua kabla haijaja ili niwahi kuanua. Ni kweli? — Mama wa dagaa

JIBU: Mama, pole na kazi. Kile chombo hueleza hali iliyopo sasa hivi pale kilipo, hakitabiri. Utabiri na tahadhari kwa umma ni kazi ya Mamlaka, ambayo kwa sheria ya mwaka 2019 ndiyo pia inayosimamia huduma za hali ya hewa nchini, na vijana wafike ofisini kwao kabla ya kumtumia mtu yeyote ujumbe. Akija mtu kukuambia kwamba mgandamizo ukishuka mvua inakuja, usikimbilie chanja. Katika nchi za tropiki mgandamizo hupanda hadi karibu saa 4 asubuhi na kushuka hadi karibu saa 10 jioni kila siku ya Mungu, jua liwepo lisiwepo. Ungeanua kila alasiri.

Dalili yenye faida kwako ni nyingine: joto kushuka ghafla kwa nyuzi kadhaa, na upepo kubadili upande na kuvuma kwa nguvu ndani ya dakika chache. Huo ni ubaridi unaotangulia wingu la mvua, nawe nadhani umeujua shingoni mwako kabla kituo hakijaundwa. Kituo kinaweza kukuongezea dakika chache tu, tena pale ambapo wingu linapitia Mwanga kabla ya kufika Kibirizi. Likitokea upande wa ziwani, wewe ndiwe utakayewapigia simu wao.