Moyo unapokikataa kiwanja

Ndugu muulizaji, umeeleza kuwa umepata kiwanja Iyumbu, jijini Dodoma, kwa bei nafuu, na karatasi ulizoonyeshwa hazina kasoro, lakini moyo wako unasita na mumeo anasema ni woga tu.

Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Gary Klein, ambao misimamo yao ilitofautiana sana, walikubaliana katika makala yao ya mwaka 2009 kwamba hisia ya ndani huaminika pale ambapo mambo hujirudia kwa utaratibu na mtu amepata nafasi ya kuona matokeo ya maamuzi yake. Mkulima wa mtama wa Bahi anayetazama mawingu ya Desemba anayo mazoea hayo. Wewe unayenunua ardhi kwa mara ya kwanza bado hujayapata. Hata hivyo usiipuuze hisia yako, kwani huenda umeona jambo ambalo hujalipatia maneno. Jiulize ni wakati gani hasa moyo ulishtuka. Kama ni pale muuzaji alipokuhimiza utoe malipo ya awali kabla ya Jumatatu, au alipokwepa kukukutanisha na majirani wanaopakana na kiwanja, hiyo ni dalili. Kama kinachokutisha ni ukubwa wa fedha tu (na nani asingetishika?), hilo ni jambo jingine.

Kwa vyovyote vile, usilipe chochote kabla ya kufanya upekuzi kwa msajili wa hati na kuuliza idara ya ardhi ya Halmashauri ya Jiji, hasa kwa karatasi za enzi za CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyokuwa ikisimamia ardhi ya Dodoma, iliyovunjwa mwaka 2017. Majibu yakiwa safi na bado unasita, omba wiki mbili; muuzaji akikataa, achana nacho.