Polisi kubaki na vinasaba vya aliyeachiwa: hukumu yake katika dini

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Mimi ni mama mwenye asili ya Mombasa, ninaishi na familia yangu Uingereza. Mwanangu wa miaka 16 alikamatwa pamoja na vijana wenzake kwa tuhuma za wizi dukani. Alilala kituoni usiku mmoja, akachukuliwa alama za vidole na kupitishwa kijiti cha pamba mdomoni kwa ajili ya vipimo vya DNA, yaani vinasaba, kisha akaachiwa bila kufunguliwa mashitaka, kwa kuwa ilibainika kwamba hakuhusika. Ningependa kuwaandikia polisi wafute taarifa zake, lakini baba yake anasema asiye na kosa hana la kuogopa, na kwamba tumeamrishwa kuwatii wenye mamlaka. Je, ninakosea kudai? Na mate yaliyochukuliwa, yana hukumu ya kuzikwa kama kucha na nywele?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Dada yangu, nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa ni jepesi. Mate ya mwanadamu ni tohara, yaani si najisi. Kuzika kucha na nywele, kama walivyotaja wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i, ni jambo la kupendeza wala si wajibu, na mate hayamo humo. Basi usijitie tabu kwa hilo. Uzito wa mate hayo uko katika yale yanayoweza kusomwa ndani yake, na hapo ndipo swali lako la kwanza linapoanzia.

Ni lazima tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kuchukua alama na vinasaba vya mtu anayetuhumiwa, na kubaki navyo baada ya tuhuma kuondoka. Kuhusu kuchukua, sioni pingamizi katika sheria ya dini. Amepokea Bahz bin Hakim, kutoka kwa baba yake, kutoka kwa babu yake, kwamba Mtume (S.A.W.) alimzuia mtu kwa tuhuma, kisha akamwachia, wameitoa Abu Dawud na Tirmidhi. Ikiwa inajuzu kumzuia mtu mwenyewe kwa muda ili jambo lake lichunguzwe, basi kupitisha pamba mdomoni mwake ni jepesi zaidi. Na ushahidi wa alama si mgeni kwetu. Nabii Yusuf (A.S.) aliepushwa na uzushi kwa kanzu iliyochanika upande wa nyuma, na Mtume (S.A.W.) alifurahi pale Mujazziz al-Mudliji, mjuzi wa kutambua nasaba kwa viungo, alipotazama nyayo za Zayd na mwanawe Usama zikiwa zimechomoza chini ya shuka akasema kuwa miguu hii imetokana na ile. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Makkah, katika kikao chake cha 16 mwaka 2002, lilikubali vinasaba vitumike katika uchunguzi wa jinai zisizo na hadi (adhabu maalumu iliyowekwa na sheria ya dini) wala kisasi, likakataza kuvitumia kuipinga nasaba iliyokwisha kuthibiti.

Wala tusisahau kwamba elimu hii ilianza kwa kumwokoa mtuhumiwa. Utambuzi wa mtu kwa vinasaba ulivumbuliwa mwaka 1984 katika Chuo Kikuu cha Leicester na Alec Jeffreys, na ulipotumika katika mauaji ya wasichana wawili wa mkoa huohuo, wa kwanza kufaidika alikuwa kijana aliyekuwa amekiri mojawapo ya mauaji hayo, vipimo vikaonyesha kuwa siye. Muuaji wa kweli alihukumiwa mwaka 1988. Kwa hiyo anayedai kwamba dini inapinga vipimo hivi kwa ujumla wake amekosea.

Ama kubaki navyo, hapo hali inabadilika. Wanavyuoni wa misingi ya fiqhi wanasema kwamba hukumu huzunguka pamoja na sababu yake, ikiwepo nayo ipo, na ikiondoka nayo huondoka. Kilichohalalisha kuchukuliwa mate ya mwanao ni tuhuma, na tuhuma imekwisha. Kilichobaki ni asili, na asili ya mwanadamu ni kutokuwa na dhima juu yake, nayo ni yakini isiyoondoshwa na shaka. Anayeendelea kuweka alama zake katika kanzidata ya polisi, ili kila jinai itakayotokea ilinganishwe naye, amemrudisha katika daraja ya watuhumiwa bila sababu mpya. Katika hadithi ya Bahz niliyoitaja, watu wengi hunukuu sehemu ya kuzuiwa wakaisahau sehemu ya pili, "kisha akamwachia", na kumwachia mtu kwa ukamilifu ni kumrudishia alichokuwa nacho kabla ya kukamatwa.

Qur'ani imetusimulia jambo linalokaribiana sana na hili. Katika Suratu Yusuf, aya ya 35, baada ya kanzu kukwisha kutoa ushahidi wake, Mwenyezi Mungu anasema kwamba iliwadhihirikia, baada ya kuziona dalili, wamfunge kwa muda. Zingatieni mpangilio wa maneno: baada ya kuziona dalili. Hawakumfunga kwa kutojua kwamba hana hatia. Walimfunga kwa sababu kumfunga kulikuwa na manufaa kwao. Sisemi kwamba faili katika kompyuta ni sawa na gereza la Misri, lakini hoja iliyo nyuma ya mambo haya mawili ni ndugu wa tumbo moja.

Na vinasaba vina la ziada kuliko alama za vidole. Alama ya kidole humtambulisha mwenyewe tu, lakini sampuli ya mate ina habari za wazazi wake, ndugu zake na watoto ambao hawajazaliwa, ambao hakuna hata mmoja wao aliyekamatwa. Ndani yake mna maradhi ya kurithi, na mna nasaba, ambayo sheria yetu imeilinda kiasi kwamba mtoto hunasibishwa kwa mwenye kitanda, yaani mume wa mama yake, na mlango wa kuchimbua ukafungwa. Mtume (S.A.W.) amesema katika hadithi ya Muawiya, iliyomo kwa Abu Dawud, kwamba ukizifuatilia siri za watu utawaharibu, au utakaribia kuwaharibu.

Nchi unayoishi yenyewe imelipitia suala hili. Kwa sheria ya mwaka 2001, polisi wa England na Wales waliruhusiwa kubaki na alama na vinasaba hata vya mtu aliyeachiwa na mahakama, bila kikomo cha muda. Mwaka huohuo mtoto wa miaka 11 wa Sheffield alishitakiwa kwa jaribio la unyang'anyi, akaonekana hana hatia, na polisi wakakataa kufuta taarifa zake. Miaka 11! Mtoto ambaye Mtume (S.A.W.) ametuambia kalamu imeinuliwa juu yake mpaka abaleghe, kalamu ya kanzidata haikuinuliwa. Mahakama za Uingereza, hadi ya juu kabisa, ziliwapa haki polisi, lakini tarehe 4 Desemba 2008 majaji 17 wa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, kwa kauli moja, waliamua kwamba kuweka taarifa za wasiotiwa hatiani kwa ujumla, bila kutofautisha kosa wala umri, ni kuvunja haki ya maisha binafsi. Sheria ikabadilishwa mwaka 2012, na vinasaba vya watu zaidi ya milioni 1.7 vikafutwa.

Kuhusu kauli ya baba yake, ninamheshimu kwa kutaka amani na serikali, na katika sehemu moja anasema kweli: mwenye kutiwa hatiani kwa jinai nzito, au aliyeshitakiwa kwa jambo kama ubakaji hata kama hakuhukumiwa, anaweza kuhifadhiwa taarifa zake kwa muda uliopimwa, kwa maslahi ya wanaoweza kudhulumiwa, maana hao nao wana haki. Lakini kanuni ni kwamba dharura hukadiriwa kwa kadiri yake. Mwanao hayumo katika kundi hilo.

Ama neno lake kwamba asiye na kosa hana la kuogopa, halina mashiko katika dini yetu. Mtu alichungulia kupitia tundu la mlango wa Mtume (S.A.W.), naye akamkemea vikali, akasema kuwa kubisha hodi kumewekwa kwa sababu ya jicho. Je, ndani ya nyumba ile kulikuwa na kosa la kufichwa? Sitara ni haki ya mwema kabla ya kuwa kinga ya mkosaji, na aya ya 27 ya Suratu Nur, inayotuamrisha kuomba idhini, haikuuliza ndani mnafanyika nini. Na utii kwa wenye mamlaka hauvunjwi na barua ya maombi ambayo sheria yao wenyewe imeifungulia mlango. Yusuf (A.S.) alipoitwa na mfalme atoke gerezani, alimwambia mjumbe arudi kwanza akaulize habari za wale wanawake waliojikata mikono. Alichelewesha uhuru wake ili jina lake lisafike, basi mama anayeandika barua kwa ajili ya jina la mwanawe amefuata njia ya Mitume.

Kwa upande wa utekelezaji, kwa kijana aliyekamatwa kwa kosa lisilokuwa katika orodha ya makosa mazito, bila mashitaka na bila hukumu ya nyuma, sheria ya mwaka 2012 inataka alama za vidole na wasifu wa vinasaba, yaani taarifa zilizosomwa kutoka kwenye mate, vifutwe bila kuombwa, na sampuli yenyewe ya mate iteketezwe ndani ya miezi 6. Hata hivyo andikeni kuuliza kama imefanyika. Picha aliyopigwa kituoni na kumbukumbu ya kukamatwa ni mambo mengine yasiyofutika yenyewe, nayo yanahitaji maombi mahsusi. Mwoneni wakili anayejua taratibu hizo. Barua iandikwe kwa adabu na ukweli mtupu.

Jambo moja ninaliongeza kwa sababu mwanao ni mukallaf na anajibika kwa maneno yake. Kufutwa kwa kumbukumbu hakulifanyi tukio kuwa halikutokea. Kuna fomu za visa za nchi nyingine zinazouliza kama mtu amewahi kukamatwa, si kama amewahi kuhukumiwa. Akikutana na swali hilo, na likawa linamhusu kisheria, ajibu kwamba alikamatwa na akaachiwa bila mashitaka, na atunze barua ya polisi ya kuthibitisha hilo mahali asipoipoteza.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.