Elfu hamsini ya CV: nimlipe mtu au niandike mwenyewe?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mtunza stoo, nina miaka 31, naishi Kahama. Nimefanya kazi misimu sita kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, ila pamba ikiisha na sisi tunarudishwa nyumbani. Nina astashahada ya ununuzi na ugavi. Sasa natafuta kazi ya kudumu, serikalini au migodini. Kuna kijana ana steshenari hapa mjini, anaandika CV kwa shilingi 50,000 na anasema ataiongezea nyama ili ivutie. Niliyoandika mwenyewe nimeiambatisha, ni ukurasa mmoja, na Kiingereza changu si kizuri. Nimlipe? Halafu picha niweke au nisiweke?

JIBU: Marahaba mwanangu. CV yako nimeisoma, na tatizo lake si Kiingereza. Misimu yote sita umeimaliza kwa mstari mmoja, kwamba ulikuwa unafanya kazi za stoo. Nimekaa ofisi za utumishi mpaka nikastaafu, na mstari huo nimeusoma kwa watunza stoo wengi mno. Hauniambii kama ulikuwa unafagia ghala au umeshika funguo zake.

Kijana wa steshenari naye hajui. Hakuwepo msimu ulipofunguliwa, malori ya pamba yamepanga foleni hadi barabarani na fundi amesimama dirishani anadai beringi bila hati ya kutolea mali. Wewe ulikuwepo. Kwa hiyo kabla hujatoa hata mia, chukua daftari uandike kwa Kiswahili, kama vile unamsimulia shemeji yako. Mlikuwa watunza stoo wangapi? Ulitunza nini hasa: vipuri, mafuta, magunia, marobota yaliyokwisha kufungwa? Nani alisaini baada yako? Mlitumia leja na kadi za stoo, au kompyuta? Mlipohesabu mali, kilichokuwa rafuni kilikubaliana na kilichoandikwa kitabuni? Kama kulitokea upungufu, uligunduliwaje, na nani aliugundua? Ukishajibu hayo, CV unayo. Kilichobaki ni kupanga na kuchapa.

Hapo sasa pesa inaweza kufanya kazi. Kunyooshewa Kiingereza ni huduma halali ya kulipia, ingawa mwalimu wa sekondari wa mtaani kwako anaweza kukufanyia kwa bei nafuu zaidi. Ukiona bado unamtaka mtaalamu, angalia kama anakuuliza maswali. Anayekuhoji saa nzima kabla ya kugusa kompyuta, mlipe bila kinyongo. Anayekwambia umtumie vyeti kwa WhatsApp na kesho upitie kuchukua, huyo anakuuzia CV ya mtu mwingine iliyobadilishwa jina. Niliwahi kushika maombi mawili, moja la dereva na jingine la mhasibu, aya ya kwanza ile ile koma kwa koma, wote wawili wana shauku ya kukuza mauzo ya taasisi. Taasisi yetu ilikuwa haiuzi kitu.

Hiyo nyama ndiyo inayonitia wasiwasi. Atakayeketi mbele ya jopo ni wewe, si yeye, na kila alichokiongeza utaulizwa. Mwaka 2017 serikali ilipohakiki vyeti vya watumishi, 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi na amri ikatoka waondolewe kazini. Najua wako ambao kazi walikuwa wanaiweza kabisa. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, wanaosimamia ajira za serikali, huonya kwamba anayewasilisha taarifa za kughushi atachukuliwa hatua za kisheria, na uzoefu wa kubuni ni taarifa ya kughushi kama kitu kingine chochote.

Kwa maombi ya serikalini, CV ya kuremba rangi haikusaidii sana. Kwenye Ajira Portal, tovuti yao ya kuombea kazi, unajaza elimu na uzoefu wako mwenyewe, kisha unaambatisha viambatisho. Wengi wanaangukia kwenye viambatisho: vyeti visivyothibitishwa na wakili, au karatasi ya matokeo iliyowekwa mahali pa cheti chenyewe, na tangazo limesema wazi kwamba haipokelewi. Wanataka pia wadhamini watatu wa kuaminika. Wapigie kwanza. Mdhamini anayeuliza "nani huyo?" simu ikilia ni hasara tupu. Sehemu ya elfu hamsini yako ipeleke kwa wakili. Na akaunti ifungue kwa barua pepe na simu yako, nywila uijue wewe. Nimewasikia vijana wanaolazimika kurudi steshenari kuuliza kama wameitwa kwenye usaili.

Migodini ni tofauti kidogo. Huko CV inasomwa, na kurasa mbili za Kiingereza kilichonyooka zinatosha. Jambo la kwanza kwao ni usalama kazini, na katika CV yako sikuona hata neno moja juu yake. Kama ulitunza mafuta au kemikali, sema ulizihifadhi vipi. Kama mlifundishwa kuzima moto (na kiwanda cha pamba ambacho hakifundishi hilo sitaki hata kukisikia), andika ni lini na nani alifundisha. Hilo kijana wa steshenari asingeliwaza kamwe.

Usione aibu kuandika kwamba ajira ilikuwa ya msimu. Taja kila msimu ulianza mwezi gani na kuisha mwezi gani. Kuitwa tena na mwajiri yule yule mwaka baada ya mwaka ni sifa, ilimradi isomeke hivyo na isionekane kama mapengo ya mtu asiyetulia kazini.

Picha: Ajira Portal wakiomba ya pasipoti, weka ya hivi karibuni. Kwa kampuni binafsi, kama tangazo halikuomba, usiweke.