Maswali ya Ufundi: Vigae vya Meza ya Nje

SWALI: Nina meza ya bustanini yenye urefu wa sentimita 120 na upana wa 80. Vigae viligandishwa moja kwa moja kwenye plaiwudi. Sasa vya pembeni vimeinuka na grauti (saruji ya kujaza nafasi kati ya vigae) imepasuka. Je, nivigandishe upya kwa gundi kali zaidi?

JIBU: Gundi kali haitakuokoa. Ng'oa kigae kimoja utazame mgongo wake. Ukikuta nyuzi za mbao zimeng'oka na gundi, kosa ni la plaiwudi: imenyonya maji ikavimba, ikakauka ikasinyaa, mwisho matabaka yake yakaachana. Mgongo ukiwa mkavu na safi, basi gundi ilishaota ngozi kabla kigae hakijalazwa, au kigae kilikuwa na vumbi. Na ukiona mistari ya meno ya mwiko bado imesimama, fundi hakukigandamiza, na maji yamekuwa yakipita kwenye mifereji hiyo.

Ng'oa vyote, pamoja na plaiwudi iliyovimba. Weka plaiwudi mpya ya kustahimili maji, milimita 18, juu ya fremu yenye mihimili isiyoachana zaidi ya sentimita 40. Juu yake tandaza gundi ya vigae, laza bodi ya saruji ya milimita 12, kisha ikaze kwa skrubu zisizoshika kutu, kila baada ya sentimita 20. Skrubu ziwe za milimita 25. Ndefu sana zitachomoza chini. Maungio ya bodi yafunike kwa mkanda wa wavu na gundi. Halafu paka dawa ya maji ya kuzuia unyevu mikono miwili, wa pili ukikatiza wa kwanza, na usisahau kingo za bodi, maana maji hupenda kuingilia ubavuni. Bodi ya jasi na ile ya unga wa mbao zisikanyage kazi hii kabisa.

Kagua miguu pia. Vigae vya porseleni vya milimita 10, bodi na gundi, kwa meza ya ukubwa huo, vinakaribia kilo 40.

Watu wengi huhangaika na pimamaji mpaka uso wa meza ulale sawa kabisa, kisha wanashangaa kuona dimbwi. Acha mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita. Kwa upana wako ni milimita 8 tu, na hakuna glasi itakayoteleza.

Panga vigae kwanza bila gundi. Kwa vigae vya 30 kwa 30 na nafasi za milimita 3, vinne kwa urefu vinafika sentimita 120.9. Kwa kuwa msingi ni mpya, ukate kwa kipimo hicho badala ya kupunguza vigae kwa milimita chache, kazi inayovivunja kwa urahisi. Kwa upana, safu ya katikati ibaki nzima na safu mbili za pembeni zikatwe sentimita 24.7 kila moja. Pima kigae chenyewe, usiamini boksi, kwani kilichoandikwa 30 huenda kikawa 29.8. Utatumia 12, nunua 14.

Chagua gundi ya unga wa saruji yenye polima, daraja la C2 (gundi ya saruji iliyoboreshwa), ikiwezekana S1 inayovumilia mnyumbuko. Ile ya kopo iliyokwisha changanywa ni ya ndani. Nje hulainika kwa maji. Ikoroge, iache dakika 5 hadi 10, ikoroge tena. Fanya kazi kivulini. Tandaza kwa mwiko wa meno ya milimita 8, mistari yote ielekee upande mmoja, na upake tabaka jembamba mgongoni mwa kigae pia. Kigandamize ukikisogeza kidogo kwa kukata mistari. Kabla ya kila kigae gusa gundi: kidole kikitoka safi, ikwangue uweke nyingine. Inua kigae kimoja cha majaribio; gundi iwe imeshika angalau asilimia 95 ya mgongo.

Jaza grauti baada ya saa 24, ukivuta mwiko wa mpira kwa mshazari. Futa kwa sponji iliyokamuliwa vizuri, kwa sababu maji mengi huidhoofisha na kupausha rangi yake. Pale vigae vinapokutana na ukingo wa mbao au chuma, acha milimita 5 na ujaze silikoni ya nje. Vitu hivyo havitanuki kwa kiwango kimoja juani, na grauti ngumu hapo lazima ipasuke.

SWALI: Nimebakiwa na vigae vya ukuta wa bafuni. Vitafaa?

JIBU: Mara nyingi havifai. Vigae vingi vya ukuta hunyonya maji kwa zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake, ilhali porseleni haizidi asilimia 0.5. Dondosha tone la maji mgongoni. Likinywewa upesi na kuacha doa jeusi, virudishe stoo. Penye baridi ya kugandisha maji havina nafasi kabisa, kwa kuwa maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9 na kukipasua kigae kutoka ndani.

SWALI: Grauti ya meza yangu inatoa unga mweupe kila baada ya mvua. Nifanye nini?

JIBU: Ni chumvi za saruji zinazobebwa juu na maji. Zisugue kwa brashi kavu kwanza. Kumwagia maji kabla ya kusugua huzirudisha ndani. Kisha tafuta maji yanapoingilia: kagua silikoni ya ukingoni, halafu uchungulie chini ya meza kama bodi imeachwa bila dawa upande huo.