Kompyuta haiwaki? Wekeni bisibisi chini kwanza

Wadogo zangu wa fildi, juzi nimemkuta mwenzenu ameshang'oa madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, skrubu zimetapakaa mezani, jasho linamtoka. Kompyuta ya mezani ya kizamani, eti imekufa kabisa. Nikaligeuza kasha nikatazama nyuma: swichi ya pawa saplai, kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani, iko kwenye sifuri, yaani imezimwa. Sikumgombeza, kicheko kilinizidi. Lakini kila kundi linalokuja huwa na mtu wa namna hii, basi nayaandika haya ili siku nyingine niwe naonyesha kidole tu.

1. Anzieni ukutani. Soketi, ekstensheni, kebo, swichi ya nyuma. Kebo ya monita mara nyingi huingia pia kwenye pawa saplai. Kama monita inawaka, chomoeni kebo yake mjaribie kwenye kompyuta.

2. Kiswichi chekundu cha volti. Hapa vuteni viti.

Pawa saplai nyingi za zamani zina kiswichi hicho nyuma, upande mmoja 115, upande wa pili 230. Marekani wanatumia volti 120, sisi 230. Nilipokuwa na umri wenu, na kiburi kuwazidi, nilitumwa peke yangu Muheza kufunga kompyuta za mitumba kwenye shule moja, zimetoka Marekani. Nikachomeka ya kwanza, nikabonyeza. Paa! Moshi, harufu, wanafunzi madirishani wanashangilia. Nikajisemea, hii imekuja na ubovu wake. Nikachomeka ya pili. Paa! Mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikamgeukia mwalimu mkuu, nikakaza sauti ya kitaalamu: "Mwalimu, umeme wenu una matatizo." Naye, mtu muungwana, akaniamini. Akaagiza fundi umeme aitwe, kwa hela ya shule, nami nikakaa ofisini nakunywa soda yao.

Akaja mzee mmoja. Akapima soketi zote, hakuona kitu. Akaiendea mashine ambayo nilikuwa bado sijaichomeka, akainama nyuma yake, akaniuliza, "Fundi, hizi zimetoka Marekani?" Nikamjibu, ndiyo mzee. "Sasa mbona hujaziambia kwamba zimeshafika Muheza?" Akakisukuma kiswichi kwa ncha ya testa, akachomeka, ikawaka. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama pale pale.

Pawa saplai mbili nililipa mimi, na ujira wa mzee nikaurudisha. Hela ziliuma zikapoa. Kinachoniwasha mpaka leo ni ile "umeme wenu una matatizo": sikujua tatizo ni nini, nikatafuta wa kumbandika. Nawasikia na nyinyi mkiwaambia wateja "madabodi imeungua" hata kifuniko hamjafungua, na nywele zinanisimama.

Sababu ya ile paa ni hii: kiswichi kikiwa kwenye 115, saketi ya ndani huongeza volti maradufu kwa kutumia zile kapasita mbili kubwa, vikopo vinavyohifadhi umeme. Ukiipa 230, kapasita iliyotengenezwa kubeba volti 200 inabebeshwa zaidi ya 300. Lazima ipasuke.

3. Mteja akisema haiwaki, muulizeni inafanyaje. Feni inazunguka ila picha haiji? Usianze na pawa, safisha kwanza meno ya ramu (kadi ya kumbukumbu) kwa ufutio. Feni inashtuka halafu inasimama? Nusa shoti: chomoa kila kitu, rudisha kimoja kimoja.

4. Waya wa zambarau unaotoka kwenye pawa saplai. Mashine ikiwa imezimwa lakini imechomekwa, hapo lazima usome volti 5. Hakuna kitu, na ukutani kuko sawa? Ifunge pawa saplai nyingine ujaribu. Zipo? Gusanisha zile pini mbili za swichi ya mbele, pale kwenye madabodi, kwa bisibisi; ikiwaka, mbovu ni kitufe cha kasha. Jaribio la kuunganisha waya wa kijani na mweusi ili pawa saplai iwake bila madabodi mnalijua, na mnalipenda kupita kiasi. Feni kuzunguka si cheti cha afya. Pimeni waya wa njano, ule wa volti 12, ukiwa na mzigo: volti 11.4 hadi 12.6, nje ya hapo haifai.

5. Kapasita zilizovimba kichwa, hasa kwenye madabodi za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Macho yanatosha.

6. Pawa saplai haifunguliwi bila mimi kuwepo. Hata ikishachomolewa, zile kapasita zinaweza kubaki na volti zaidi ya 300, na hazikujui wewe mwanafunzi wa chuo gani. Ninayo moja kwenye droo yenye mjusi aliyekaukia ndani, kaunganisha sehemu mbili ambazo hazikupaswa kukutana. Mwaka jana kijana mmoja aliitaka sana amtoe "aone kama itapona". Amefagia karakana mpaka fildi yake ilipoisha, na mjusi bado yumo.