Maswali ya Wasomaji: Je, akina Kearney ni ukoo mmoja?

SWALI: Ndugu Mhariri, Mama Kevina, mtawa aliyeanzisha hospitali ya Nsambya mjini Kampala, alizaliwa akiitwa Teresa Kearney. Nimesoma kwamba Rais wa zamani wa Marekani, Barack Obama, naye, kwa upande wa mama yake, ana asili ya Kearney wa Ayalandi. Je, watu hawa ni wa ukoo mmoja? – Msomaji, Jinja

JIBU: Ndugu msomaji, jina peke yake halithibitishi undugu huo. Kearney ni tahajia ya Kiingereza iliyounganisha majina mawili ya Kiayalandi: Ó Catharnaigh, lenye asili ya neno la mpiganaji, na Ó Cearnaigh, lenye asili ya neno la mshindi. Ó humaanisha mjukuu au mzao, na kila jina lilimtaja babu wake.

Akina Ó Catharnaigh walitawala Teffia, katikati ya Ayalandi. Mtawala wao Tadhg, aliyeuawa mwaka 1084, alikuwa na lakabu ya Sionnach, yaani mbweha, nayo ikashika kiasi kwamba wengi wa wazao wake wakaja kuitwa Fox. Msomaji wa Buganda asidhani kwamba mbweha huyo ni muziro, yaani mnyama wa mwiko wa ukoo, kwa kuwa ilikuwa sifa ya mtu mmoja iliyorithiwa na wanawe. Akina Ó Cearnaigh walikuwa katika kaunti za Mayo na Clare, na baadhi yao wakahamia mji wa Cashel. Chini ya utawala wa Waingereza, hasa tangu karne ya 17, familia nyingi ziliacha ile Ó, na makarani wakaandika majina kwa namna walivyoyasikia, hata tofauti ya zamani ikapotea kwenye karatasi.

Kuhusu watu wetu wawili, kaunti zao ni tofauti: Mama Kevina alizaliwa mwaka 1875 katika kaunti ya Wicklow, akafika Nsambya mwaka 1903. Falmouth Kearney, mhenga wa Obama, aliondoka Moneygall, kaunti ya Offaly, akaenda Marekani mwaka 1850.

Anayetaka kujua ukweli aanzie kwenye vitabu vya ubatizo. Moto wa mwaka 1922 uliteketeza hazina ya nyaraka za taifa mjini Dublin, zikiwemo karatasi nyingi za sensa za karne ya 19, lakini vitabu vya parokia za Kikatoliki vilikuwa vimehifadhiwa parokiani, na tangu mwaka 2015 Maktaba ya Taifa ya Ayalandi imeweka picha zake kwenye intaneti bila malipo. Atafute kwanza parokia, kisha jina, akikumbuka kujaribu pia Carney na Kearny.