Picha za harusi zilizofutika: angalia pipa la taka kwanza

Ndugu yangu wa Kasulu, umeeleza kwamba ulifuta picha za harusi ya dada yako ili simu ipate nafasi, ukiamini zimebaki salama kwenye Google Photos, programu ya Google ya kuhifadhi picha mtandaoni, kisha ukakuta huko nako hazipo. Pole sana. Fungua leo hii pipa la taka ndani ya programu hiyo, kwa sababu picha zilizokwisha kupakiwa, yaani kutumwa kwenye akaunti yako ya Google, hukaa humo siku 60 kabla ya kufutwa kabisa, ilhali zile ambazo hazikupakiwa hukaa siku 30 tu.

Kilichotokea ni kwamba simu na akaunti huwa zimeunganishwa, hivyo ukifuta picha ndani ya programu, unaifuta pande zote mbili. Ukihitaji nafasi, tumia sehemu ya kupunguza mzigo wa simu, ambayo huondoa nakala ya simu pekee.

Jambo la pili linawaumiza wengi wetu tunaotegemea bando. Hapa Tabora niliwahi kupoteza picha za barua za marehemu baba yangu, nikidhani huduma niliyotumia imezihifadhi, kumbe ilikuwa ikisubiri Wi-Fi, ambayo nyumbani kwangu haikuwepo. Tafadhali hakikisha kwenye mipangilio kwamba picha zimepakiwa kweli kabla hujafuta chochote. Kumbuka pia kwamba GB 15 za bure za Google hutumiwa kwa pamoja na barua pepe na mafaili yako, na zikijaa, upakiaji husimama.